Jembe Lililokutwa Ukingoni

Mwanamke mmoja alikuwa na zamu ya maji siku ya Jumanne. Aliitwa Nakijwa, mjane, na binti zake wawili walikuwa wameolewa mbali. Shamba lake lilikuwa dogo, lakini ndilo lililomlisha, na lisingemlisha bila mfereji, maana mvua ya mlima ule ilikuja inapotaka. Watu wa kijiji chake walikuwa na bwawa moja la udongo na mawe, ambalo wenyewe waliliita ndiva. Usiku maji ya kijito yalijikusanya humo. Alfajiri mwenye zamu alichomoa kizibo, akayaongoza maji kwenye mfereji hadi shambani kwake, na mchana akarudi kuziba ili mwenzake wa kesho naye apate.

Zamu ilikuwa na alama yake. Mwenye zamu alipofika ndiva, alilikita jembe lake ukingoni na kuliacha hapo mpaka amalize. Jembe lilisimama badala ya mtu. Kila mpini ulichomwa alama kwa chuma cha moto, hata mtoto aliweza kusema hili ni la fulani, leo maji ni yake. Kuling'oa jembe la mwenzako pale ukingoni ulikuwa mwiko. Huko shambani mwenye zamu alifanya kazi kwa mikono na miguu, akifungua jaruba moja, yaani kipande cha shamba chenye kingo, na kuziba lingine kwa tope.

Mlima ule ulikuwa na vijiji vitano, kila kimoja juu ya mgongo wake, na kati yao makorongo ya kushuka na kupanda saa nzima. Kwa hiyo habari zilisafiri kwa baragumu. Kila kijiji kilikuwa na mpigaji wake. Wa kwanza akipiga, wa pili alipokea na kumpigia wa tatu, mpaka wa tano. Palikuwa na mlio wa moto, mlio wa wizi, mlio wa kifo, na mlio wa kifo kilichotoka mkononi mwa mtu. Kila nyumba nayo ilikuwa na mlio wake wa kuitambulisha. Haukuwapo mlio wa kusema labda. Haukuwapo mlio wa kusema ngojeni kwanza. Wazee waliotunga milio ile walitaka habari ifike, na ilifika.

Jirani wa Nakijwa aliitwa Kiangi. Zamu yake ilikuwa Jumatatu. Alikuwa mtu wa mzaha, mwenye mikono mizuri ya kazi, na alikuwa na namna yake ya kuziba maji ambayo watu waliicheka. Hakutumia tope kama wenzake. Alikunja gome la mgomba mara mbili, akalikandamiza mlangoni mwa jaruba kwa jiwe bapa. Walimwambia, "Kiangi, unafunga maji au unafunga ugali wa safari?" Naye alijibu kuwa ugali wake haumwagiki.

Jumatatu moja Kiangi alichelewa kuziba. Maharage yake yalikuwa yanatoa maua, naye akajiambia kidogo tu, kidogo tu, mpaka jioni ikamkuta. Kesho yake Nakijwa alikuta ndiva nusu, na maji yakaishia njiani kabla ya kuyafikia mahindi yake. Alimkuta Kiangi kwenye njia ya sokoni, mbele ya watu, akamwambia, "Kiangi, kuanzia leo mguu wako usikanyage shamba langu." Kiangi akasema, "Basi nitapita juu kama ndege, jirani." Watu wakacheka. Nakijwa hakucheka. Aliondoka huku machozi yakimlenga, na baadaye wengi walikumbuka maneno yake, ila hakuna aliyekumbuka machozi.

Jumatatu iliyofuata homa ilimwangusha Nakijwa. Alikohoa usiku kucha. Alfajiri ya zamu yake alijaribu kuinuka, magoti yakakataa, akarudi kulala akijua kuwa maji ya wiki ile yamempita. Hakuwa na mtu wa kumtuma. Alijifunika, akasinzia.

Aliamshwa na baragumu. Jua lilikuwa limeshapanda. Alisikia mlio wa kifo, akawahurumia wafiwa kabla hata ya kujua ni akina nani. Kisha akasikia mlio wa nyumba yake mwenyewe. Kwa ile homa, akadhani ni yeye aliyekufa, akajipapasa kifuani. Kisha mpigaji akarudia, na safari hii Nakijwa akausikia vizuri ule mlio uliokaa katikati, kati ya kifo na nyumba yake. Mkono wa mtu. Na mwanzoni kabisa, mlio wa nyumba ya Kiangi.

Huko nje mambo yalikwenda hivi. Ukuta wa ndiva ulikuwa umebomoka upande wa bondeni, maji yote yakashuka korongoni kwa mkupuo mmoja, na Kiangi akakutwa chini kwenye mawe, amekufa. Mpiga baragumu wa kijiji kile, Sekiete, alikuwa wa kwanza kufika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na pumzi ndefu kuliko wapigaji wote wa mlima ule, na alipenda kusikia mlio wake ukipokewa ng'ambo. Alitazama ukuta, akatazama maiti, akatazama ukingoni. Jembe la Nakijwa lilikuwa limesimama pale. Akaikumbuka njia ya sokoni. Hakuhitaji zaidi. Alipanda kwenye mwamba wake akapiga, na hata kabla mtu hajashuka kumfunika Kiangi uso, kijiji cha tano kilikuwa kimeshajua nani kauawa na nani kaua.

Habari ilipokuwa inapita, ilikuwa inanenepa. Katika kijiji cha pili walisema Nakijwa alimsukuma. Katika cha tatu walisema ameonekana akikimbia na nguo zinachuruzika maji. Katika cha nne mtu mmoja alisema hata mume wake wa kwanza hakufa vizuri, ingawa Nakijwa hakuwahi kuwa na mume wa pili. Watu wa kijiji cha tano, ambao wengi wao hawajawahi kuiona ndiva ile kwa macho, ndio waliokuja na fimbo nene zaidi.

Walipofika mlangoni kwake walikuwa wamechoka kwa kupanda makorongo, na mtu aliyetembea mbali hivyo hapendi kuambiwa ametembea bure. Desturi yao kwa muuaji ilijulikana. Nyumba yake hubomolewa, mlango wa maji wa shamba lake hujazwa mawe, naye hushushwa nyikani kabla jua halijazama, na asirudi tena. Mtu mzima mwenye afya angeweza kufika kwenye makazi ya watu kule chini. Mgonjwa wa homa asingefika.

Nakijwa alitoka akijishikilia kwenye fremu ya mlango. Mwanamume mmoja wa kijiji cha tano, aliyeitwa Mndeme, alimtazama kutoka juu mpaka chini akasema, "Homa nayo imejua siku ya kuja." Watu wakaguna kwa kukubali. Mwanamke mmoja akasema, "Mwacheni akohoe, huko nyikani hakuna wa kumsumbua usingizi."

"Sijatoka ndani tangu jana," alisema Nakijwa. "Jembe langu hilo hapo nyuma ya pipa, halijakwenda popote."

Akanyoosha kidole. Nyuma ya pipa hapakuwa na jembe.

Wakati huo Nakijwa alijiona mwenyewe kwa macho yao. Alilitazama lile pengo nyuma ya pipa, akatazama nyuso, na kwa kitambo kidogo hata yeye akajiuliza kama homa ilimwinua alfajiri ikampeleka ndiva bila yeye kujua. Hivyo ndivyo sauti ya wengi ilivyo. Humfanya hata asiye na hatia atafute hatia mfukoni mwake. Mtu mmoja alikuwa ameshapanda juu ya paa na kuanza kung'oa nyasi. Nyasi zilianza kudondoka begani mwa Nakijwa, na hakuzipangusa.

Ndipo mke wa Kiangi akaja. Aliitwa Namcharo. Alikuwa amekaa kando ya maiti tangu asubuhi, na kila mtu alidhani amekuja kutupa jiwe la kwanza, maana hiyo ilikuwa haki yake. Wakampisha. Mikononi alikuwa na jembe. Aliliweka chini mbele ya watu, nao wakaliona ni jembe la Kiangi, lenye alama ya jani kwenye mpini, kavu, halina tope.

"Hili lilikuwa nyuma ya mlango wangu," alisema. "Mume wangu alitoka alfajiri akaniambia anakwenda kwenye maji. Leo si siku yake. Nani huenda ndiva bila jembe lake?"

Watu wakainama kulitazama lile jembe. Kisha Mndeme akazungumza, safari hii kwa sauti ya chini, kama mtu anayemsaidia mfiwa. "Mama, pole. Lakini usichimbue sana. Ukichimbua utaibua mengine. Huenda marehemu alichukua jembe la huyu mama ili aibe maji yake kama wiki ile. Unataka azikwe na jina hilo?"

Nakijwa aliona Namcharo anafumba macho. Aliona kuwa neno lile limemfikia, na kwamba mwanamke yule alikuwa ameshaliwaza mwenyewe njiani, akiwa amelibeba lile jembe. Lilikuwa jambo rahisi kunyamaza. Angenyamaza, mumewe angebaki mtu aliyeuawa bila kosa, na yeye angebaki mjane wa kuonewa huruma, na kijiji chote kingelia pamoja naye.

Namcharo akasema, "Aliyekufa ni mume wangu, na mimi bado sijajua. Ninyi mmejulia wapi?"

Yule wa juu ya paa aliacha kung'oa.

"Kama aliiba, nitamzika mwizi," akaendelea. "Lakini nitajua ninayemzika. Kaeni chini. Nikirudi mtafanya mnachotaka."

Akashika njia ya mashambani peke yake. Walikaa chini, wengine kwa aibu, wengine kwa uchovu tu. Nakijwa naye alikaa kizingitini, nyasi za paa lake zikiwa zimemjaa kichwani, na mwanamke yuleyule aliyemwambia aende akakohoe nyikani alimpa kata ya maji bila kumtazama usoni. Ilikuwa saa nane. Wanasema kungoja kule kuliwapa watu wengi nafasi ya kusikia njaa, jua, na mashaka.

Namcharo alipita kwanza kwenye shamba la mumewe. Lilikuwa na unyevu wa zamu ya jana tu. Aliinama akashika udongo kwa mkono, juu umeshaanza kukauka; maji ya leo hayakuwa yamelifikia. Kisha akavuka mpaka, akaingia kwenye lile shamba ambalo mumewe alikatazwa kulikanyaga. Majaruba matatu ya kwanza ya Nakijwa yalikuwa yameloa. Mahindi yalikuwa yamesimama ndani ya maji yaliyotulia, na kwenye mlango wa kila jaruba palikuwa na gome la mgomba lililokunjwa mara mbili, na juu yake jiwe bapa.

Alichuchumaa akaligusa jiwe moja. Akaelewa: asubuhi ile alikuwa amepita hapo Kiangi, ambaye usiku alimsikia jirani yake anakohoa. Hakubisha hodi, kwa sababu aliambiwa mguu wake usifike, na kwa sababu kuomba radhi kwa mdomo kulimshinda siku zote. Alichukua jembe nyuma ya pipa, akalikita ukingoni kwa jina la mwenye jembe, akamshikia zamu. Desturi ya kumshikia mgonjwa zamu ilikuwapo mlimani tangu zamani, na kila mmoja wa wale waliobeba fimbo alikuwa ameshaifanya au kufanyiwa. Siku ile hakuna aliyeikumbuka. Waliliona jembe wakaona ugomvi.

Namcharo akarudi akawaita. Watu wakaenda wakatazama, mmoja mmoja, na kila mmoja alilijua lile gome na lile jiwe bila kuambiwa. Mtu mmoja alianza kusema utani ule wa ugali wa safari, akashindwa kuumaliza, akaanza kulia. Kisha wakapanda ndiva, wakafanya kile walichopaswa kufanya tangu asubuhi. Walichimba tope kwenye ukuta uliobomoka. Humo wakakuta mashimo yaliyochimbwa na kaa wa kijitoni, mengi, marefu, yaliyoingia toka upande huu hadi upande wa pili. Kukagua ukuta baada ya masika ilikuwa kazi ya watu wote. Hakuna aliyekuwa ameikumbuka mwaka ule. Kiangi alirudi kuupunguza mkondo, akasimama mahali ambapo kila mtu husimama, na ukuta wa watu wote ukamwangukia yeye peke yake.

Jioni ile walimzika. Nakijwa alikuja kwa kushikwa mikono, na hakuna aliyemzuia kutupa udongo wake kaburini.

Sekiete alipanda mwambani kulisafisha jina la Nakijwa, akakuta hana mlio. Alipiga mlio wa nyumba ya Nakijwa peke yake, mara nyingi, kwa upole. Ng'ambo wakasikia jina lilelile, wakadhani hukumu imetimia, wakapokea na kupeleka mbele. Akaliteremsha baragumu. Kesho yake alianza kutembea. Alishuka makorongo manne na kuyapanda, nyumba kwa nyumba, akisema kwa mdomo, "Nilikosea. Kiangi alikuwa anamwagilia shamba la mgonjwa." Kilichofika kwa pumzi tano kilimchukua siku sita kukirudisha, na katika kijiji cha tano bado walikuwapo waliomsikiliza wakatikisa vichwa, wakasema haiwezi kuwa bure.

Aliporudi, miguu imevimba, alikwenda kwa Nakijwa na kusimama uani asijue aanzie wapi. Nakijwa alikuwa ameshapata nafuu. Alimtazama akasema, "Kaa, unywe uji. Leo ndiyo mara ya kwanza nakuona umeishiwa pumzi." Sekiete akanywa, uji ukichanganyika na machozi, na Nakijwa akamwongezea. Hakutaka kuwahesabu waliokuja na fimbo. Aliona kuwa akianza kuwahesabu hatakuwa na nafasi moyoni ya kuwaweka wale wawili anaotaka kuwakumbuka.

Wa kwanza alikuwa Kiangi, na huyo hakuweza tena kumwambia asante. Alimshukuru kwa kuvuna. Yale majaruba matatu yalizaa kuliko mengine, na mahindi ya kwanza aliyapeleka kwa Namcharo, akiyabeba kichwani mchana kweupe ili kila mtu ayaone.

Namcharo, yule wa pili, alimkaribisha, wakakaa jikoni wakipukuchua. Ndipo Nakijwa akamwuliza jambo lililokuwa limemkaa. "Mwenzangu, siku ile ulijuaje kwamba sina hatia?"

Namcharo hakuacha kupukuchua. "Sikujua," alisema. "Moyo wangu ulikuwa umeshakuhukumu. Nilipokuona umesimama pale mlangoni, nilitaka nyumba ile ikuangukie."

Punje zikamponyoka Nakijwa mkononi.

"Lakini jembe lake lilikuwa kavu," akasema Namcharo. "Nikajiambia, hasira yangu itaningoja, haina pa kwenda. Ningemzika mume wangu kwa maneno ya watu, ningeuzika pamoja naye wema wake wa mwisho, nisijue hata kama aliufanya."

Nakijwa alirudi kwake akimshukuru Mungu kwa namna ambayo hakuwa ameijua. Siku zote aliwashukuru watu waliompenda. Siku hiyo alimshukuru mtu aliyemchukia, aliyekuwa na sababu na haki na umati nyuma yake, na bado akamngojea. Aliona kuwa upendo ungeweza kukosea. Kungoja ndiko kulikompa maisha. Tangu hapo, kila aliposikia nyumba ya mtu imetajwa kutoka ng'ambo, alikwenda kwanza kwa miguu yake akatazame, hata kama ni mbali, hata kama wote wameshajua.

Nasi tunasikia majina ya watu kila siku, yametoka mbali, yamepita midomo mingi, na jioni tumeshawahukumu watu ambao hatujawahi kuona hata paa la nyumba yao. Basi niambieni: ikiwa yule mama, maiti ya mumewe ikiwa bado haijazikwa, aliweza kungoja mpaka jambo lijulikane, sisi ambao hatujafiwa na mtu tuna haraka ya nini?